Koki ya Mnunuzi

Mama Ndoo hakuzaliwa na jina hilo, wala hakulipenda hata kidogo, lakini majirani hawakukosea kumpa. Mumewe, Mzee Spana, alikuwa fundi bomba anayejulikana mji mzima. Ukiona nyumba inatoa maji jikoni, bafuni na bustanini, ujue mkono wake umepita hapo. Kwake mwenyewe koki ilikuwa moja tu, nje, kando ya lango, na jiko lilikuwa nyuma kabisa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa dobi kupiga pasi mashati ya watu mpaka jioni, Mama Ndoo alivuka uwanja na ndoo mbili, akapanda ngazi, akapita korido, akainua mguu kuvuka kizingiti cha jiko, na hapo ndoo ya kulia ikagonga fremu ya mlango. Iligonga kila siku. Mbao ilikuwa imefanya shimo, utadhani kuna mnyama anayeitafuna.

"Shoga, si mumeo huyu aliyemwekea maji yule mwenye hoteli?" jirani wa ng'ambo alikuwa akimuuliza, uso mkavu.

"Ndiye."

"Mpaka jikoni?"

"Mpaka bandani kwa kuku. Kuku wa hoteli wanakunywa maji ya koki, mimi nabeba. Umeridhika?"

Jirani alicheka akashika kiuno. Mama Ndoo naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Si kwamba Mzee Spana hakuwahi kukusudia. Walipopandisha ukuta wa jiko, alimwambia mwashi aache tundu upande wa uwani. "Hapa paipu itapita. Kesho kutwa tu, mke wangu, nikimaliza kazi ya watu." Kazi ya watu haikuisha. Tundu likakaa. Likaingiza upepo, likaingiza mende, msimu mmoja likaingiza panya na ukoo wake wote. Mwishowe Mama Ndoo alichana gauni lake la kijani, lile alilovaa siku walipohamia, akalisokomeza humo mpaka likabana. Mtoto wao wa pekee alizaliwa, akakua, akaoa, akahama, na gauni bado limo tunduni. Akiulizia paipu aliambiwa, "Wewe nawe! Fundi akirudi kwake si binadamu?" Akiulizia mbele ya wageni aliambiwa kwa kicheko, "Huyu nikimwekea maji atanenepa." Wageni walicheka. Yeye akaenda kuleta maji ya kunawa.

Ndipo ukaja mpango wa shemeji. Kaka mkubwa wa Mzee Spana alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine, akamtaka mdogo wake waungane. Nyumba iuzwe, wao wawili wakakae vyumba vya nyuma ya duka. Mama Ndoo alivijua vyumba vile. Dirisha linatazama mifuko ya saruji, na jiko ni la mke wa shemeji, mwanamke anayehesabu hata vijiti vya kiberiti.

"Mimi nishakata shauri," alisema Mzee Spana. "Wewe unasemaje?"

"Ushakata, sasa unaniuliza nini? Uza. Nyumba gani hii ya kuililia?"

Na alisema kweli. Siku ile hakuona hata ukuta mmoja wa kumtoa chozi.

Dalali akaja, kijana wa viatu vyenye ncha, mwenye tabasamu la kupima. Alizunguka chumba kwa chumba, akigonga kuta kwa kidole kimoja.

"Mzee, nyumba ni nzuri, lakini haijavaa. Tuivishe. Rangi mbele. Lango lipigwe brashi. Choo, badilisha kiti."

"Na paa la chumbani," alidakia Mama Ndoo. "Mvua ikinyesha tunalala na beseni katikati yetu kama mtoto mchanga."

"Mama, mnunuzi haji na mvua. Tena chumbani watu hawaangalii juu. Tusitupe fedha pasipoonekana."

"Umesikia?" Mzee Spana alimwambia mkewe, kana kwamba ubishi wa miaka umeamuliwa mahakamani.

Walipofika jikoni dalali alisimama. Alitazama ndoo zimepangwa ukutani, akatazama tundu lenye gauni, akatikisa kichwa.

"Hapa sasa. Hapa ndipo nyumba inauzwa au inakufa. Wanaume wananunua lango, wanawake wananunua jiko. Mke wa mnunuzi akifungua koki, maji yakamwagika kwenye sinki, biashara imekwisha. Mzee, kuna ugumu kuleta maji hapa?"

"Ugumu gani!" Mzee Spana alicheka. "Mimi fundi. Hiyo ni kazi ya mchezo."

Mama Ndoo alikuwa ameshika ufagio. Aliendelea kufagia pale pale, mahali pamoja, palipokwisha kuwa safi.

Kweli ikawa kazi ya mchezo. Wiki haikufika mwisho. Mzee Spana alichimba mfereji kutoka langoni, akalaza paipu, akafika ukutani. Alichomoa gauni la kijani kwa koleo. Lilitoka gumu, limeshikana kama ubao, na vumbi la nyumba nzima ndani yake.

"Matambara ya nini haya?" aliuliza, akalirusha kwenye kifusi.

Mkewe alilitazama lilipoangukia. Angemwambia nini? Kwamba hilo ndilo gauni alilolishika kiuno, mkewe akiwa ndani yake, wakicheza sebuleni wakati sebule haijawa hata na sakafu?

Paipu ilipita tunduni bila tundu lenyewe kuguswa. Lilikuwa saizi yake barabara. Sinki likapandishwa, la kung'aa, na koki ya shingo ndefu iliyoinama kama bata anywaye. Fremu ya mlango ikazibwa lile shimo la ndoo, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi nyeupe. Ungeapa hakuna aliyewahi kupita hapo na mzigo.

"Usiitumie sana," Mzee Spana alimwonya. "Mnunuzi aikute mpya."

Aliitumia. Mumewe akitoka tu, Mama Ndoo aliosha vikombe visivyo na uchafu. Aliosha mchele, akauosha tena. Kiganja chini ya maji, alisimama akitazama uwani kupitia dirisha aliloliona siku zote akiwa na haraka, na bega la kulia, lile la kuuma, lilikuwa limetulia kama bega la mtu mwingine. Hapo ndipo uchungu ulipomshika hasa. Angekuwa amenyimwa kitu kigumu, angesamehe. Alinyimwa kazi ya mchezo.

Jumamosi dalali alileta wanunuzi, mume mpole na mke mchangamfu. Mume alisifu lango, kama ilivyotabiriwa. Chumbani hakuna aliyeangalia juu. Jikoni yule mwanamke alifungua koki, akaifunga, akaifungua tena, akageuka kwa furaha.

"Jamani mama, wewe umefaidi! Maji jikoni miaka yote hii! Mimi huko tulikopanga nabeba ndoo mpaka nimepinda."

Mama Ndoo alikuwa ameshajitayarisha kunyamaza. Wallahi alikuwa amejitayarisha. Lakini Mzee Spana alipata mdomo.

"Mke wangu?" alisema, akijipiga kifua. "Huyu sijawahi kumtesa kwa maji. Fundi bomba mkewe abebe ndoo? Itakuwa aibu gani hiyo?"

Kisha Mama Ndoo akaongea, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Dada, hiyo koki bado haijanizoea. Imewekwa juzi, kwa ajili yako. Pitisha kidole kwenye fremu hiyo, hapo chini ya rangi. Unasikia bonde? Hilo ni la ndoo yangu."

Mwanamke alipitisha kidole. Akakiondoa haraka kama aliyegusa kidonda.

"Mama, utani huo," dalali alicheka, tabasamu limemkaa upande. "Tumalize. Sahihi mbili tu, ya baba na ya mama."

Maana kiwanja kilikuwa kwa majina ya wote wawili. Nusu yake ilinunuliwa kwa pasi ya kwa dobi.

"Ya kwangu haipo," alisema Mama Ndoo. "Mwanzo mlikuwa mnauza banda, nikasema uzeni. Sasa mmejenga nyumba. Nyumba siuzi."

"Umerogwa wewe?" Mzee Spana alifoka. "Mbele ya watu?"

"Si mbele ya watu ndiko ulikokuwa ukinichekea?"

Mume mpole alimshika mkewe mkono, wakaaga. Dalali aliwafuata mbio, ncha za viatu mbele. Lango la rangi mpya likafungwa bila hata kulia, maana lilikuwa limetiwa mafuta.

Asubuhi yake Mama Ndoo alisikia chuma kikigusa chuma jikoni. Alimkuta Mzee Spana ameinama kwenye sinki, spana mkononi, maji ameyafunga huko nje, langoni. Aliizungusha koki mpaka ikatoka, akaifuta kwa shati lake, akaitia mfukoni.

"Niliweka kwa ajili ya mnunuzi," alisema. "Hakuna mnunuzi, hakuna koki."

Mama Ndoo alimtazama mtu aliyelala naye pande mbili za beseni. Alikuwa na maneno mengi, ya kumtoa mtu nyama. Akayameza yote, akajitanda, akatoka. Jirani alipomwona anapita bila ndoo alisahau hata kumsalimu.

Alirudi na Kibogoyo. Huyo naye alikuwa fundi bomba, wa mtaa wa pili, asiye na meno ya mbele. Mzee Spana alimdharau, akimwita mziba matundu. Kibogoyo alipoona wanaelekea wapi alisita langoni, sanduku la vifaa begani. Mzee Spana alikuwa amekaa barazani, mtaa mzima ukimtazama.

"Mama, lakini hapa si kwa Mzee Spana?"

"Ndipo. Pita."

"Shikamoo, kaka," Kibogoyo alimwamkia, macho chini. Hakuitikiwa.

Jikoni alikagua paipu, akaligusa sinki kwa heshima ya fundi kwa kazi ya fundi.

"Kazi safi kabisa hii. Sasa koki yake imekwenda wapi?"

"Imekwenda kumsubiri mnunuzi," alisema Mama Ndoo. "Weka nyingine. Ya bei ndogo, isiyong'aa. Hii ni ya mwenye nyumba."

Kibogoyo aliikaza koki nyingine, akaenda langoni kufungua maji. Koki ilikohoa, ikatema kutu kidogo, ikatiririka. Mama Ndoo alikinga kikombe, akanywa, na hakusikia ile raha aliyoisikia mwanzo. Yalikuwa maji tu. Kutoka barazani kilisikika kiti kikisogezwa, kisha hatua za mumewe zikishuka ngazi na kuliendea lango, kule maji yanakofungiwa.