Televisheni Iliyonisema Mbele ya Jumuiya

Haya nawaambia nyinyi tu, maana hata nikiyakumbuka peke yangu kwenye treni nainamisha uso. Jumapili ile ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya yetu ya sala hapa kwangu Oxon Hill, huku ughaibuni, na niliyemwogopa ni Deo, rafiki yangu wa Manassas aliyefiwa na mama yake huko Moshi, kwa sababu jana yake, Jumamosi, watu wote walikwenda kwake kumpa pole, mimi nikamtumia ujumbe kwamba nimeitwa kazini (sikuitwa na mtu, kulikuwa na mpira).

Baada ya sala Deo akatoa flashi yenye picha za mama yake, akauliza kama tunaweza kuziona kwenye televisheni. Ningesema imeharibika, yangeishia hapo. Lakini mimi na mdomo wangu, nikajisifu: "Weka tu. Hii sijaipa paswedi ya intaneti tangu niinunue, natumia antena, haijui hata naishi wapi." (Nilishasikia kwamba televisheni za siku hizi zinachunguza watu, nikajiona mjanja.)

Picha zikaanza. Ilipofika ya mama mwenyewe, amekaa uani na kanga mabegani, chini ya kioo yakachomoza maandishi. Mama Glory, mwenyekiti wetu, akiona Kiingereza lazima awatafsirie wengine, tena kwa sauti ile ile ya kusoma somo la kwanza kanisani: "Muhtasari wa wiki yako. Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, ulitazama mpira..."

Akakatisha hapo, lakini ameshachelewa. Nikabonyeza rimoti, maandishi yakatanuka yakaleta na majina ya timu, nikabonyeza tena, sauti ikapanda, nikaruka nikachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi, na mama wa mtu akapotea nacho.

"Washa, kaka," Deo akasema taratibu. "Sijamaliza kumwangalia mama."

Nikawasha. Ilichukua muda kuwaka, na muda wote huo hakuna aliyenitazama. Wakati wa kuondoka, akivaa viatu mlangoni, Deo akaniambia: "Ungesema umechoka, ningekuelewa."

Walipoondoka nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta televisheni imejiunga yenyewe na mtandao wa jirani wa chini, usio na paswedi, na kila nilichotazama kwa antena ilikuwa inakiandika. Niliikasirikia sana, nusura niitupe, halafu aibu ikanirudia, maana yenyewe haikusema uongo.

Siku hizi nikimaliza kuitazama nachomoa waya. Na kumdanganya mfiwa, nimeapa, sirudii tena. Jumamosi iliyofuata niliendesha hadi Manassas, nikagonga. Deo akafungua, akaniangalia kuanzia juu hadi chini.

"Leo hakuna mpira?"

"Upo," nikasema.

Akasogea nipite.