Aliyepinda Kitambaa cha Getini

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu. Kengele ya kuanza kazi haijalia, lakini Mama Pindo ameshaketi kwenye cherehani yake, mikono ameikalia.

Ameikalia ili isionekane inavyotetemeka.

Mbele yake kuna kipande cheupe cha kitambaa, nusu mita kamili. Kila cherehani humu ndani imewekewa kipande kama hicho, sitini na tatu kwa hesabu. Leo hakuna suruali wala marobota, na redio ya fundi mitambo imezimwa. Kinachosikika ni feni ya darini, inazunguka kama mtu anayelazimishwa.

Msimamizi anapita katikati ya safu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Ni mama wa makamo asiye na kelele, na ukimya wake ndio unaotisha. Anafika nyuma ya Mama Pindo, anasimama. Kisha anaendelea na safari yake.

"Nilisikia pumzi yake hapa shingoni," Mama Pindo anasimulia. "Nikasema basi, leo unga umemwagika."

Kinachotafutwa asubuhi hii ni mkono wa mtu. Meneja ameagiza kila mshonaji apinde kile kipande pande zote nne, mbele ya macho yake. Atakayeonekana pindo lake linafanana na la kitambaa kilichokutwa getini, huyo kazi hana.

Na aliyelishona pindo la kitambaa cha getini ni Mama Pindo.

Ana miaka thelathini na sita. Kwa miaka tisa amepinda miguu ya suruali katika kiwanda hiki, mia nne na zaidi kwa siku, mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Mume wake yuko mbali kwenye kazi za barabara, hutuma salamu zaidi kuliko anavyotuma matumizi. Yeye anaishi chumba kimoja na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Chumba cha pili kwenye ua huohuo anakaa wifi yake, dada wa mume, ambaye naye ni wa kiwandani, upande wa vifungo.

Kiwanda kina milango miwili. Wa mbele ni wa kuingilia na kutokea, na mlinzi hukaa hapo akipapasa mikoba. Wa nyuma una kufuli kubwa kama ngumi ya mwanamume, na ufunguo wake unakaa ofisini kwa meneja. Wanasema unafungwa ili nguo zisiibwe. Cherehani ya Mama Pindo ndiyo ya mwisho kabisa. Akinyoosha mkono nyuma, anaugusa ule mlango.

Miezi miwili iliyopita, pasi ilisahauliwa juu ya rundo la nguo. Haukuwa moto wa kuandikwa, ulizimwa kwa ndoo sita za maji. Lakini moshi ulikuja kwanza, mzito, na watu mia na arobaini wakageukia mlango mmoja. Msichana wa upande wa pasi alisukumwa akaangukia mkono, ukavunjika mahali pawili. Mpaka leo hashiki kitu.

Mama Pindo hakuweza hata kuufikia umati. Alibaki nyuma, anaupiga ule mlango kwa viganja.

"Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi," anasema. "Unapiga bati, bati linakujibu. Basi. Nikamkumbuka mwanangu, nikajiuliza leo nani atamfungulia chumba akitoka shule, maana ufunguo nilikuwa nao mimi."

Ule moshi ndio uliowakusanya. Walianza wanne, wakinong'ona kwenye bomba la kunawia, wakafika ishirini na moja. Kwenda ofisini waliogopa, kwa sababu mwaka juzi dada mmoja aliuliza habari za mlango huohuo na wiki iliyofuata hakuonekana kwenye orodha. Barua nayo ina mwandiko. Wakakubaliana waombe kwa kazi wanayoijua.

Maneno waliyochagua yalikuwa matatu tu na kiungo: FUNGUENI MLANGO WA NYUMA. Ukizihesabu herufi zake ni ishirini na moja, kama wao wenyewe. Kila mmoja akachukua herufi moja, akaikata kwenye vipande vya kitambaa vinavyotupwa, akaishonea kwake. Hakuna aliyejua ya mwenzake. Hata mtu akibanwa, angeweza kutaja herufi yake tu.

Herufi zote ziliishia kwa Mama Pindo, aziunganishe kwenye shuka moja la zamani. Aliziunganisha vizuri. Halafu akafanya kosa ambalo karani asingelifanya, wala mpishi, wala mwalimu.

Alilipinda.

"Lilikuwa linachuruzika nyuzi pembeni," anasema, na mpaka sasa anaona haya kidogo. "Nikalitazama, nikaondoka, nikarudi. Mimi kitu kisichopindwa siwezi kukitoa mkononi mwangu. Mkono ulienda wenyewe, sikuuliza."

Na hakulipinda kwa pindo pana la suruali za kiwanda. Alilipinda kwa pindo lake, lile jembamba kama punje ya mchele. Hukunjwa kwa ukucha wa kidole gumba bila pini wala pasi, na kwenye kona kitambaa hupunguzwa kidogo kikaingizwa ndani, ili kona isivimbe. Kiwanda kizima watu waliolijua pindo hilo walikuwa wawili. Mmoja ni yeye. Wa pili ni aliyemfundisha, zamani kabla macho hayajamsumbua akapandishwa cheo: msimamizi.

Kitambaa kilifungwa getini Alhamisi kabla hapajakucha. Ijumaa mchana meneja aliwakusanya wote. Ni kijana mwenye shati lisilokunjamana. Alikikunjua mbele yao, akapitisha kidole pembeni taratibu.

"Herufi zinaweza kushonwa na yeyote," alisema. "Lakini hili pindo ni la fundi. Aliyelishona anakula kwangu. Jumatatu kila mshonaji atapinda kipande mbele yangu, nitamjua."

Kisha akamgeukia msimamizi na kumpa akishike. Yule mama alivaa miwani, akakisogeza karibu na uso, akakitazama kwa muda mrefu. Akavua miwani.

"Nimekiona," alisema. Akakirudisha kwa meneja.

Mama Pindo hakumbuki alivyofika nyumbani siku ile. Anakumbuka alikaa kitandani na viatu miguuni, bintiye akamuuliza mara tatu kama anaumwa. Kilichokuwa kinamla ni swali moja: amenijua, mbona hajasema? Kila mguu uliopita uani ulikuwa ni wa mlinzi aliyetumwa kumwita.

Aliyeingia alikuwa wifi yake, bila hodi kama kawaida yake.

"Kwa hiyo ulilipinda," alisema wifi, mikono kiunoni.

"Nililipinda."

"Bango la kufungwa kwenye waya, la kunyeshewa mvua, wewe unalipinda na kona! Wifi yangu wewe, siku utakayokufa utaamka kwanza uangalie kama sanda imepindwa."

"Usinichekeshe, wifi. Mwenzio nakufa."

"Sasa si ushone ovyo hiyo Jumatatu, yaishe?"

Alikwisha kujaribu. Alionyesha kitambaa chini ya kitanda: ameshona ovyo, ameona haya, amefumua, ameshona tena, pindo limetoka lilelile. "Na hata nikiweza," alisema, "mimi nikishona ovyo si ndiyo nimejitaja mwenyewe? Yule mama ananijua miaka tisa."

Wifi alikaa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha mdomoni. Alikiokota kile kitambaa, akageuza kona, akaigeuza tena.

"Hii inaanzia wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Nifundishe. Tukishona wote hivi, atamfukuza nani? Afukuze jengo?"

Jumamosi asubuhi walikuja sita. Mchana kumi na mbili. Walikuja na vitambaa ndani ya vikapu, juu wameweka vitunguu, kama watu waliotoka sokoni. Mama Pindo aliwafundisha wawili wawili juu ya cherehani yake ya miguu, wengine wakijaribu kwa mkono kitandani. Dirisha lilifungwa ingawa kulikuwa na joto. Binti alikaa kizingitini na daftari la shule, kazi yake ikiwa ni kukohoa akimwona mtu asiyemjua.

"Ukucha, mama, ukucha! Unakunja kwa kidole kama unafunga chumvi," alimwambia mmoja.

"Kucha zangu nimekata jana kwa ajili ya usafi, nitazitoa wapi leo?"

Walicheka, lakini cheko lile lilikatwa katikati kila mlango wa jirani ulipogongwa. Kwa sababu kila aliyejifunza alimleta mwingine, na kila mwingine alikuwa mdomo mmoja zaidi. Jumapili jioni walikuwa wamefika thelathini na wanane. Mama Pindo aliwahesabu badala ya kulala. Ishirini na moja aliwajua roho zao. Hao kumi na saba waliobaki aliwajua sura.

"Ningewakataza vipi?" anasema. "Lakini nilijua, anayetaka kuniuza sasa ameshaingia chumbani kwangu, amekunywa maji yangu, na pindo nimemfundisha mwenyewe."

Basi ndiyo Jumatatu hii. Kengele inalia. Cherehani sitini na tatu zinaanza kwa pamoja, meneja amesimama juu ya sanduku ili aone vizuri. Mama Pindo anatoa mikono alikoikalia. Anakunja kwa ukucha. Kitu kimoja kinamshangaza mwenyewe: kitambaa kikishaingia chini ya sindano, mtetemo unakoma. Unarudi anapokata uzi.

Vipande vinakusanywa, vinapangwa juu ya meza ndefu ya kukatia. Meneja anaweka kitambaa cha getini pembeni. Anachukua kipande cha kwanza, anakilinganisha, anakitupa. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu anakishika. Cha nne anakishika. Cha tano. Rundo la mkono wa kulia linakua mpaka linapita la kushoto, na shingo yake inaanza kuwa nyekundu.

"Nini hiki?" anamuuliza msimamizi. "Ni nani?"

Hapo Mama Pindo alifumba macho. Wifi yake, safu mbili mbele, aliangusha kopo la vifungo na hakuinama kuviokota.

Msimamizi alipitisha vidole juu ya vipande kimoja kimoja, miwani ikiwa bado kifuani. "Bosi, mimi hapa naona pindo moja tu," alisema. "Wamelijifunza humuhumu kiwandani. Hata mimi ninalo."

Meneja alikusanya vyote akavitia kwenye mfuko wa nailoni, akasema ataleta mtaalamu wake kutoka nje, na kwamba Ijumaa saa sita atasoma majina. Hakuna aliyepumua vizuri, kwa sababu Ijumaa haikuwa mbali, na kufuli lilikuwa palepale.

Baadaye, karibu na saa za kutoka, msimamizi alipita tena nyuma ya cherehani ya mwisho. Safari hii aliinama kidogo, kama anayekagua uzi.

"Wanafunzi wako wanakaza uzi mno," alisema kwa sauti ndogo. "Waambie walegeze."

Mama Pindo alikaa na maneno yale siku mbili, hajui kama ni mkono wa kusaidiwa au kisu kilichofichwa. Jumatano akashindwa kuvumilia. Alimfuata bombani, akamwambia kwamba kuna mwandishi anayekusanya habari hizi aziweke gazetini, na kama hataki kutajwa, aseme yanayomhusu yaondolewe.

Yule mama aliendelea kunawa mpaka akamaliza.

"Siku ya moshi mimi nilikuwa wapi?" aliuliza.

"Ulikuwa stoo, mama."

"Stoo ina mlango wa kutokea nje?"

"Haina."

"Basi waandike."

Mama Pindo naye alikubali yaandikwe kwa sharti moja, kwamba gazeti litoke Ijumaa, lisitoke kabla. Leo ndiyo Ijumaa.

Wamekubaliana hivi. Saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, hawataenda kunywa chai. Wataingia ofisini kabla meneja hajasoma majina yake, wote watakaothubutu. Wasipoenea watajipanga kwenye ngazi mpaka chini. Hawana bango wala karatasi. Wataomba kitu kimoja, kufuli litoke wakati watu wamo ndani. Kama hofu ni wizi, wamekubali wapekuliwe mara mbili.

Atakayesema ni Mama Pindo. Hakuomba, alisukumwa mbele na wifi yake. Amefanya mazoezi chumbani na bintiye, ambaye amemkatisha mara nyingi.

"Mama, usianze na samahani."

"Nianze na nini sasa? Nimwamkie? Yule si mdogo wangu?"

"Sema habari za kazi. Halafu sema mlango."

"Halafu akikasirika?"

"Sema mlango tena."

Akiulizwa anachotumaini, Mama Pindo hana hotuba. Anasema angependa siku moja ashone akiwa na mgongo mlangoni na asikie upepo unampiga. Angependa msichana wa pasi arudi hata kama ni kuhesabu vifungo tu. Jina lake likisomwa leo, anajua majirani wa vyumba viwili wana nguo za kushonesha. Hazitalipa kodi, lakini ataanzia hapo.

Na hofu?

"Ipo. Tumbo linaniuma tangu jana," anasema, anajifunga kitambaa cha kichwa mbele ya kioo kilichopasuka. "Nilitaka lipoe kwanza ndipo niende. Limekataa. Basi nitaingia nalo."