Kuiulizia Marekani

Kwetu mtoto akiletewa posa, mchumba huuliziwa habari zake. Kabla hujajibu ndiyo au hapana, unampigia anayemjua kijana: anaswali, anakunywa, ana hasira, mama yake ana ulimi gani. Na anayeulizwa hana ruhusa ya kuficha. Siku nyingine zote kutaja aibu ya mtu ni kusengenya, lakini kwenye posa kunyamaza ndiyo dhambi, maana unamwacha mtoto wa mwenzio atumbukie shimoni nawe unaliona.

Kijana aliyemposa mjukuu wangu tulimwulizia, tukaridhika. Kwao Pemba tunakujua. Shangazi yake yupo Harrow, huku huku kwa Waingereza tunakoishi, tunaonana maulidini na matangani. Kasoro moja tu: anakaa Marekani, huko ndiko kwenye kazi yake, na huko ndiko anakotaka kumpeleka mke. Hapo niliona watu wangu hawana akili. Ukoo wa kijana waliuchambua mpaka kwa babu wa babu. Nchi atakayokaa mtoto hakuna aliyeiulizia.

Baba yake mtoto, mwanangu mwenyewe, kila jioni hukaa mbele ya televisheni hapa Walthamstow akasema, "Marekani imekwisha hiyo." Wakipiga kura imekwisha, bunduki ikilia imekwisha. Ilipokuja posa akashikwa na kikohozi. "Mama, wewe ndiye mkubwa, tunakusikiliza wewe." Imekwisha, lakini mtoto apelekwe!

Basi nikampigia mdogo wangu. Yeye yuko Marekani tangu ujana wake. Tulipotawanyika kutoka kwetu mimi nilikuja huku, yeye akafuatana na mumewe kule, katika mji wa viwanda wenye theluji isiyokwisha. Miaka yote hiyo akinipigia simu ni kujisifu. Mara nyumba, mara gari, mara friji inayotema barafu mlangoni. "Dada, Marekani ni Marekani." Nimeyasikia hayo mpaka masikio yakaota sugu.

Nikamwambia, "Leo sitaki porojo. Nakuuliza kwa posa."

Maana yake anaijua.

"Kwa posa kweli, dada?"

"Kwa posa. Ilivyokuwa ulipofika na ilivyo sasa, ipi bora? Mtoto ananiondokea, nataka kujua anakwenda kuingia wapi."

Akanieleza. Baridi ya kwanza aliamka akakuta njia ya mlangoni kwake imeshafagiliwa theluji. Jirani, mzee wa Kizungu, kaifagia alfajiri na hakungoja asante. Mshahara wa kiwandani wa mumewe ulitosha kununua nyumba. Watoto walikwenda skuli kwa miguu, peke yao. Sasa kiwanda kimekuwa kiwanja cha majani, na wajukuu zake wadogo skuli wanafundishwa kulala chini, gizani, kimya, ili akija mtu na bunduki asiwasikie.

"Na baridi hii iliyopita nilianguka mlangoni, dada. Jirani wa sasa nilimwona dirishani ananitazama. Hakutoka. Baadaye kaniambia aliogopa akinishika vibaya nitamshitaki."

"Wallahi?"

"Si umeniuliza kwa posa?"

Hapo sauti nyingine ikaingia. Binti yake, mtu mzima sasa, alikuwa anasikiliza pembeni.

"Mama mkubwa, shikamoo. Mwambie amalize hadithi. Huyo mzee wa theluji ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba kukusanya saini, familia ya watu weusi wasiuziwe nyumba ya kona. Sisi alituacha kwa sababu hakujua atuhesabu wapi. Mimi skuli nikivuliwa mtandio nacheka nao, maana ukilia ndiyo wanazidi. Leo binti yangu ni daktari, mtandio wake kichwani, na hakuna anayethubutu kuugusa."

"Njia alifagia, hakufagia?" mama yake akadakia.

"Alifagia, mama. Na saini alikusanya."

Wakaanza kugombana wenyewe, huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kiingereza, mimi nimeshika simu kama mjinga. Nikakata. Nimeulizia nchi moja, nikajibiwa nchi mbili, na kila mmoja anaapa.

Nilimsimulia mjukuu wangu. Katika watoto wa nyumba hii ni yeye tu anayenijibu Kiswahili. Wenziwe wananielewa vizuri, lakini wananijibu Kiingereza kama nimewauliza basi linapita saa ngapi. Akiondoka huyu nitabaki kuzungumza na redio. Hilo sikumwambia. Mtoto hafungwi kwa haja za bibi yake.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha ati, "Bibi, na hapa je? Jirani yetu wa kulia anaitwa nani?"

"Usinitoe njiani. Hapa hapakutuletea posa."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jirani wa kulia kweli simjui. Ninalijua pipa lake la taka.

Jumapili wakaja wazee wa upande wa kijana na shangazi yake. Tukaweka chai na sambusa, na kijana mwenyewe yumo kwenye simu, tumemwegemeza kwenye chupa ya chai. Wote wananingoja mimi.

"Mwanangu," nikamwambia, "nasikia kazi yako ya zamu. Siku uko kazini, mke kaumwa ghafla, atagonga mlango wa nani?"

Shangazi akawahi. "Si atapiga simu, ambulensi ije?"

"Bibi wee, namwuliza yeye."

Kijana akakuna shingo. "Kusema kweli, bibi, sijui. Huu mwaka wa pili nipo pale, sijawahi kugonga mlango wa mtu."

"Basi nenda kagonge. Wa huku na wa huku. Waambie unaleta mke. Ukishagonga nipigie, ndipo nitakapojibu posa."

Shangazi akatua kikombe. "Astaghfirullah! Unataka mtoto wa watu auawe? Kule ukigonga mlango usiokujua unapigwa risasi!"

"Na ndiko unakotaka kumpeleka wangu?"

Sambusa zikapoa. Mjukuu wangu akanipita jikoni bila kunitazama, na siku zilizofuata akawa ananijibu Kiingereza.

Wiki haijesha, kijana akapiga simu. Wa kushoto hakufungua, na televisheni inasikika mpaka nje. Wa kulia alimsemesha kupitia kengele yenye kamera: unauza nini? Akamwambia, siuzi kitu, naoa. Mtu yule akasema hongera. Mlango hakuufungua.

"Ndiyo hayo, bibi. Sina zaidi."

Angelinitungia jirani mwema mwenye sahani ya keki, ningelimkataa palepale. Hakutunga. Mtu aliyekwambia kweli isiyomfaa mwenyewe, utamkataa kwa lipi? Ila nchi yake imenishinda. Mdogo wangu anasema imeoza, mwanawe anasema ndiyo kwanza inatengenea, na mimi namkabidhi mtoto huko huko, kwenye mlango uliofungwa unaosema hongera.

Nikampigia shangazi, nikamwambia walete mahari. Mjukuu wangu akaja mbio kunikumbatia. Nikamwambia aniwache, bado nimekasirika, na aende akatafute viatu vya theluji.