Harage Sikioni mwa Kokuberwa

Klaudia alizaliwa Kashozi, akasoma kwa masista hadi darasa la nane, na tangu mwaka uliofuata Uhuru alikuwa dresa katika zahanati ya kijiji chetu, wilayani Muleba. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kufunga vidonda. Mambo ya masikio alijifunza kwa kumtazama daktari wa Bukoba, aliyetujia mara moja kila mwezi kuwasafisha watoto usaha, na kwa kumuuliza maswali mpaka daktari mwenyewe akaomba kupumzika.

Kipindupindu kilipoingia mkoani, nao wakati huo uliitwa bado Ziwa Magharibi, daktari huyo hakuja tena. Alipelekwa kwenye kambi ya wagonjwa, na chupa zetu zote za spiriti zikamfuata. Kizuizi kikawekwa Kemondo, na hakuna aliyepita kwenda Bukoba bila cheti. Watoto walioambiwa warudi mwezi ujao walikwisha kungoja miezi mitano.

Asubuhi moja, nami mwalimu wa shule nikiwa pale zahanati, jirani yangu Anatolia alimleta binti yake Kokuberwa, mwenye miaka sita. Surua ilikuwa imeliua sikio lake la kulia zamani. Alisikia kwa la kushoto peke yake. Katika hilo hilo, wakati wa kupukuchua maharage, alikuwa amesukuma harage moja. Mama yake, kwa kutii gari la matangazo lililohimiza kila kitu kioshwe kwa maji yaliyochemshwa, alikuwa amemimina maji sikioni kwa siku mbili.

"Yalichemka kabisa, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Sikutumia ya mtoni."

"Ndiyo umelilowesha," Klaudia alijibu. "Limevimba na kubana. Likioza humo, mtoto huyu hatasikia tena."

Kokuberwa alitutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa amesikia neno.

Harage lilihitaji kukaushwa ili linywee, na spiriti hatukuwa nayo. Klaudia alivua aproni, akanitaka nimsindikize, akaelekea moja kwa moja kwa Karugendo, aliyepika enkonyagi, gongo ya ndizi, nyuma ya migomba yake. Pombe zote za kienyeji zilikuwa zimepigwa marufuku kwa sababu ya ugonjwa. Karugendo alipotuona aliketi juu ya mtungi.

"Haya ni maji, Ndugu Klaudia."

"Nipe kijiko kimoja cha maji hayo. Yale yanayotoka kwanza, yanayoshika moto."

"Kumbe na wewe? Nawe Jumapili unakaa benchi la mbele."

"Ni ya sikio."

"Nimeuza miaka ishirini," alisema Karugendo akiinuka, "sijapata mteja wa kunywea sikio."

Aliwasha tone moja kwenye kijiko, likawaka buluu. Klaudia akaridhika.

Saa sita mchana, jua likiwa kali, alimlaza mtoto ubavu juu ya mkeka uani. Mimi nilipewa kioo cha kunyolea niurushe mwanga sikioni, na kuonywa nisikohoe. Alidondosha matone matatu. Kokuberwa alikunja uso kwa maumivu, mama yake akamshika kichwa. Tukangoja. Aliongeza mawili, tukangoja tena, muda mrefu kuliko kipindi kizima cha shule. Kisha akachukua uzi mwembamba wa shaba, alioupinda kuwa kitanzi na kuusugua juu ya jiwe hadi ukawa laini, akauingiza.

Nimefundisha hesabu na mwandiko kwa miaka mingi, na nimeona mikono mingi ikifanya kazi ya uangalifu. Sijaona mkono uliotulia vile. Haukuvuta, ulizunguka taratibu, kama unaomba ruhusa. Inzi alitua juu ya kidole gumba chake, akatembea, akaondoka, na kidole hakikujua. Harage lilitoka limekunjamana, dogo kiasi cha kuona aibu.

Hakuna aliyefurahi bado. Klaudia alilikausha sikio kwa pamba, akamsimamisha mtoto akitazama migomba, akarudi nyuma hatua kumi. Hapo, kwa sauti ya mtu anayenung'unika peke yake, alisema:

"Sijui nani amekula ndizi zangu mbivu."

Kokuberwa hakugeuka.

"Si mimi," alisema.

Anatolia aliketi palepale juu ya udongo.