Kwa Kireno, Gereza ni Kanisa

Nilitoka Migwani kwa sababu ya maiti. Mutua, mume wa dada yangu Mwikali, alifia gerezani, alikofungwa kwa ajili ya ng'ombe ambaye mpaka leo hakuna anayejua alikuwa wa nani. Kanisa lao huko Kasikeu, ng'ambo ya barabara tu na nyumba yao, likasema haliimbii mfungwa. Dada akatuma nije niseme nao, eti mimi nina mdomo. Shule niliishia darasa la pili, lakini mdomo ninao kweli.

Kitui nililala kwa Salimu, muuza ngozi aliyelelewa Mombasa. Chai yake ilikuwa sukari tupu. Meno yangu mawili yaliishia pale, lakini hayo tuache. Nilipomweleza alicheka, halafu akaona sicheki.

"Ndugu yangu, hili neno gereza unajua limetoka wapi? Kwa Wareno. Kwao *igreja* ni kanisa. Walikuwa na kanisa ndani ya ngome, ngome ikafanywa jela, jina likabaki."

"Kwa hivyo Mutua amefia kanisani?"

"Kwa Kireno, ndiyo."

Asubuhi lori la mbuzi likanibeba kupitia Machakos mpaka Sultan Hamud. Njia nzima nililimung'unya lile neno kama peremende, mbuzi nao wakitafuna koti langu.

Kasikeu niliwakuta pasta na wazee wa kanisa wameketi, wananingoja. Nikalitoa neno langu. Pasta, mtu wa chuo cha Biblia, akaitikia kwa kichwa.

"Mzee hadanganyi. Wareno walilipata kwa Kilatini, na Kilatini kwa Kiyunani: *ekklesia*. Maana yake, watu walioitwa."

Moyo wangu ukaruka. "Basi, Pasta, Mutua naye aliitwa."

"Aliitwa na askari!" mzee mmoja akadakia. Wakacheka wote. Pasta pia, akiuziba mdomo kwa Biblia.

Jioni tulimzika sisi wenyewe, bila kanisa, kando ya ua wa katani. Mwikali akaanzisha wimbo, akakwama ubeti wa pili. Mimi nyimbo zao sizijui. Tukarudisha mchanga.

Siku ya kurudi alinisindikiza mpaka barabarani.

"Kaka, kwani hilo neno lako walilikataa?"

"Neno walilikubali palepale, Mwikali. Limetoka kwa Wayunani, likavuka bahari, na hakuna aliyeliuliza lilifungwa kwa nini. Mutua alikuwa anatoka ng'ambo ya barabara tu."