Uvimbe wa Kabaila

Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, palikuwa na paka mnene, na unene wake ulikuwa matusi matupu kwa majirani. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Soko jipya limefunguliwa juzijuzi tu, unga wenyewe ni wa yanga, ule wa mahindi ya njano, hata uusonge vipi hauna ladha ya ugali, na sukari mpaka balozi wa nyumba kumi akukumbuke. Watu wamekonda wamebaki macho, halafu anapita barazani paka tumbo linagusa sakafu! Wakambatiza jina, Kabaila. Balozi mwenyewe alisema Azimio la Arusha limefika kila pembe ya nchi isipokuwa kwa paka wa Mama Sitara.

Mama Sitara ndiye Zamda binti Ramadhan, muuza ng'onda. Kizimba chake kilikuwa kule shimoni, sakafu ya chini ya soko, na harufu ya samaki wakavu ilikuwa imemganda hata akioga vipi. Marehemu mumewe, Seifu, alikuwa fundi kwenye karakana za reli Gerezani. Alimwachia nyumba ya vyumba sita na binti mmoja, Sitara, ambaye alikuwa ameolewa Kigamboni, ng'ambo ya kivuko, akawa anakuja kwa nadra. Vyumba vinne Zamda alipangisha, kimoja akaweka mzigo wa samaki, kimoja akalala yeye na Kabaila. Vichwa vya ng'onda na vipande vilivyovunjika ndivyo vilivyomnenepesha paka. Wakimcheka alikuwa akisema, basi nyie njooni mle vichwa, nimewakataza?

Mcheshi namna hiyo, lakini usiri wake, mama wee! Zamda alikuwa mtu wa stara. Alizaa bila ya jirani kusikia mguno. Alipofiwa na Seifu alilia ndani ya mto, akatoka kupokea wageni uso umekauka. Kwao walimlea hivyo, kwamba la mwili wako ni lako, na mwanamke anayetangaza maumivu yake ni debe tupu.

Basi siku moja akiwa bafuni, mkono ukapita juu ya ziwa la kushoto ukagusa kitu. Kigumu kama kungumanga. Akakibonyeza, hakiumi. Akakisukuma, hakiendi. Akasimama pale na kata ya maji mkononi mpaka mpangaji mmoja akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu.

Hakumwambia mtu. Aliogopa, tena aliogopa sana, na hofu yake ilikuwa na jina. Mwaka uliotangulia, mpangaji wake wa chumba cha uani, Evarista, mtu wa Ndanda, alikuwa na uvimbe kama huohuo. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akakatwa, akarudi amebebwa, na baada ya muda si mrefu wakamzika. Mtaa mzima ukasema ni kisu. Uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika, ndivyo walivyosema, na Zamda aliamini. Hofu ya pili ilikuwa ya aibu. Amfungulie kifua daktari kijana wa umri wa mkwewe, amtazame, amshike? Bora kufa.

Haikupita muda, akawa barazani anamkuna Kabaila, vidole vikakuta donge chini ya kwapa la mguu wa mbele. Akalipapasa tena. Lilikuwa laini, linateleza huku na huku chini ya ngozi, na paka wala habari hana, anakoroma tu kwa raha. Zamda akamkumbatia akalia, na ajabu ni kwamba ndani ya kilio kile mlikuwa na afueni. Hakuwa peke yake tena. Akajihesabia mambo: nyumba moja, chungu kimoja, kitoweo kimoja. Kama mimi na huyu tunakula samaki yuleyule, basi kilichompata yeye ndicho kilichonipata mimi. Na hapo ndipo alipopotea, masikini, kwa sababu kuanzia siku ile kila alichotaka kujua kuhusu mwili wake alimuulizia paka.

Alianza kwa Mzee Mwinyimvua, muuza miti shamba aliyekuwa akitandika jamvi lake nje ya soko. Akamwamkia, akamweleza kwamba paka wake ameota uvimbe. Mwinyimvua alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanzu. Binadamu wanakosa dawa ya kikohozi, paka anatafutiwa mganga! Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Akamtolea majani ya mnyonyo, ayapashe moto ayalaze pale juu yakiwa vuguvugu, na manjano yaliyotwangwa ya kuchanganya na mafuta ya nazi. Akamwonya asiuminye, asiutoboe, na ampunguzie paka vile vichwa vyenye mafuta. Zamda akasema aongezewe majani. Akaongezewa. Akasema bado. Mwinyimvua akamtazama chini ya kofia yake akamuuliza anatibu paka au ng'ombe.

Zamda akacheka. Kucheka alijua.

Basi ikawa ndiyo ada. Alasiri akirudi sokoni anafunga mlango, anapasha majani kwenye mkaa, anamlaza Kabaila mapajani, anamfunga dawa. Akimaliza anafungua gauni lake, anajifunga yeye, kutoka chungu kilekile. Joto la majani lilimtuliza. Kulikuwa na maumivu madogo yaliyoanza kuchoma kuelekea kwapani, nayo yalikuwa yakilala kidogo, na yeye akaita huko kulala kupona.

Lakini shaka haikumwisha, akataka neno la mtu anayejua. Na mjuzi alikuwa naye nyumbani. Chumba cha mbele alikaa kijana mmoja wa Peramiho, Gaudens, mkaguzi wa nyama. Kazi yake ilikuwa kupasua maini na mapafu ya ng'ombe machinjoni, atazame kama kuna ugonjwa, kisha apige mhuri. Mtaani walimwita daktari, kwa utani na kwa heshima. Zamda alimheshimu kwa dhati. Nyama ni nyama, aliwaza, na huyu anaijua nyama kwa ndani, si kama sisi tunaoiona kwa nje.

Siku ya mapumziko akamkuta barazani anapiga pasi shati, akambebea Kabaila. Gaudens akamwamkia shikamoo, akaweka pasi kando, akampokea paka kwa mikono miwili kama mtoto. Alikuwa na mkono mwema, hata Kabaila ambaye hakupenda watu alitulia. Akautafuta uvimbe, akaushika kwa vidole viwili, akauzungusha.

"Haya ni mafuta tu, Mama Sitara," akasema. "Nayaona kila siku kwenye ng'ombe. Yamejikusanya mahali pamoja. Hayaui."

"Hayaui," Zamda akarudia.

Gaudens akamweleza kwa utaratibu. Asimpeleke kukatwa, hakuna haja, kwa paka mnene hivi kisu chenyewe kina hatari kuliko uvimbe. Ampunguzie chakula, amwache akimbizane na panya kama paka wenzake. Majani ya mnyonyo hayadhuru, aendelee nayo akipenda, ila asiyatarajie makubwa. Kinachotakiwa ni kuutazama tu. Zamda alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, na kila neno alikuwa akilipokea kwa ajili ya kifua chake. Kisha akauliza, huku anatazama mtaani kana kwamba jambo lenyewe halina uzito.

"Na kama ungekuwa mgumu? Hausogei?"

"Aa, hilo jingine. Huo ungenitia wasiwasi, ungetaka hospitali haraka." Gaudens akamrudishia paka huku anacheka. "Lakini wa Kabaila unasogea. Lala usingizi, mama."

Neno lilikuwa ulimini. Lilifika kabisa kwenye meno. Kijana alikuwa mbele yake, mpole, wala asingemcheka. Kilichotakiwa ni kusema tu, mwanangu, wangu hausogei. Zamda akafunga kanga vizuri, akamshukuru, akaingia ndani. Na huko ndani, niamini, alichagua. Alisikia maneno mawili akabeba moja. Mafuta tu, hayaui.

Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Nani asiyeijua methali hiyo? Zamda aliijua tangu utotoni, na wenzake aliwaambia. Kumwambia mwingine ni rahisi.

Ikawa bahati mbaya kwamba dawa ikafanya kazi kwa paka. Zamda alimnyima vichwa kweli, na ng'onda zenyewe zilikuwa zimeadimika, paka akawa analala njaa kama raia wengine. Kabaila akaanza kupanda paa, akaanza kuleta panya. Tumbo likapanda juu, na donge la kwapani likanywea likabaki kama tambi iliyoiva. Majirani wakapiga makofi, balozi akasema sasa huyu naye ni mjamaa. Zamda alifurahi furaha isiyo na mfano. Kila alasiri alimpapasa paka kwanza, na akishauona uvimbe umepungua alijipapasa yeye haraka haraka juu ya nguo, akaondoa mkono kabla mkono haujamwambia ukweli.

Maana wake haukupungua. Ulikuwa umekua. Ngozi juu yake ilibonyea, ikawa na vitundu kama ganda la chungwa, na chuchu ikaingia ndani. Mkono wa kushoto ukawa mzito kubeba mzigo wa samaki. Kule shimoni wenzake walimwona anapima ng'onda kwa mkono mmoja, wakamuuliza, akasema amelalia bega vibaya. Akiwa peke yake alijiambia kwamba paka ni mdogo, mwili mdogo hupona upesi, wake utachelewa kidogo. Alikuwa akijidanganya na alijua anajidanganya, na hilo lilimtesa kuliko maumivu.

Idi ilipofika, Sitara akavuka kuja kumwona mama. Akataka kumsuka, kama walivyozoea. Akamkalisha kwenye mkeka, akamwambia ainue mkono ashike kioo, mkono haukuinuka. Sitara akadhani ni mzaha. Akaushika mwenyewe kuuinua, Zamda akatoa sauti ambayo bintiye hakuwahi kuisikia maishani mwake. Kanga ikateleza. Sitara akaona.

Hakupiga kelele. Alikaa chini mbele ya mama yake akamtazama, machozi yanamtiririka, akauliza swali moja tu, tangu lini. Zamda akamfunika mtoto kichwa kwa kanga, akamwambia usilie, ni mafuta tu.

Hospitali kubwa walikwenda kesho yake. Walikaa kwenye benchi na watu wengi, Zamda anaogopa jambo lile lile, mwanamume kumfungua kifua. Jina lake likaitwa, wakaingia, na nyuma ya meza alikuwa amekaa mwanamke. Binti wa watu, nywele kasuka tatu kichwa, akainuka akasema shikamoo mama. Mikono yake ilikuwa laini, na alimfunika kila alipomaliza kumtazama. Zamda alilala pale anatazama dari na akilini mwake neno moja linazunguka: laiti. Laiti angalijua kuna mtu kama huyu, angalikuja kabla majani ya mnyonyo hayajachemka mara ya pili.

Daktari alimwita Sitara pembeni. Zamda hakusikia walichosema, wala hakuhitaji. Alisubiri atajiwe kisu, kile kisu kilichomnyima usingizi tangu Evarista. Hakuna aliyekitaja. Alipewa vidonge vya maumivu akaambiwa arudi nyumbani apumzike, na hapo akaelewa kwamba hata kisu sasa hakimtaki.

Sitara akahamia Mtaa wa Mahiwa kumuuguza. Nyumba yote ikajua, maana wapangaji si viziwi na harufu ya kidonda haina siri. Zile stara zote za miaka zikaisha mara moja, akawa anaoshwa, anageuzwa, anavuliwa na kuvishwa. Aliona haya mwanzoni, halafu nguvu za kuona haya zikamwishia pia.

Gaudens alikuja jioni moja bado ana nguo za kazi. Hakuingia. Sitara akamwekea kigoda karibu na pazia la mlango, akakaa hapo, mikono katikati ya magoti. Kijana alikuwa amekonda. Zamda alimwona vizuri kutoka kitandani, akajua kimemleta nini kabla hajafungua kinywa.

"Mama Sitara," akasema. "Siku ile barazani. Uliniuliza kama uvimbe ungekuwa mgumu. Ulikuwa unaniulizia wa nani?"

Sitara akaacha kukunja nguo. Zamda akamtazama yule kijana, mwenye mkono mwema, ambaye ana miaka mingi ya kuishi na nyama nyingi za kukagua, na ambaye alimwambia kweli tupu juu ya kile alichoonyeshwa. Aliwaza namna kweli nyingine hii itakavyolala naye kila siku. Kusema kulikuwa kwepesi sasa, hapakuwa na cha kuficha tena mwilini mwake.

"Wa paka, mwanangu," akasema. "Wa nani tena?"

Gaudens akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Akamwombea afueni, akamwambia Sitara akihitaji chochote agonge mlango, akaenda zake chumbani. Sitara akamgeukia mama yake kumuuliza, na Zamda akafumba macho akajifanya amelala.