Sweta la Chupa ya Chai

Enzi zetu, na asicheke mtu kwa sababu nina miaka kumi na saba tu, uzi wa kufumia haukuwa kitu cha kununua. Ulikuwa kitu cha kufumua. Mliomaliza darasa la saba pamoja nami mtanielewa. Mama akirudi gulioni Benaco na sweta la mtumba lililotoboka kiwiko, wengine waliona sweta bovu. Sisi tuliona kofia mbili na soksi. Tulitafuta kile kifundo cha pindoni, tukakikata kwa meno, tukavuta. Sweta zima la Mzungu fulani ambaye hatutamjua maisha linaisha trrrr mbele ya macho yako, linabaki rundo la uzi uliojikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa leo asubuhi.

Bibi, mama yake baba, tuliishi naye nyumba moja kule kijijini kwetu Ngara. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya uzi. Aliufua kwa sabuni ya mche, kisha akauzungusha kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa ili ukauke umenyooka. Kigoda kikiwa na kazi nyingine, alitumia mikono yangu. Nilisimama barazani mikono mbele kama mtu aliyekamatwa na mgambo, uzi unazunguka, pua inawasha, ruhusa ya kujikuna hakuna.

"Tulia wewe," Bibi alikuwa anasema. "Umeona wapi kigoda kinajikuna?"

Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli. Fundi baiskeli pale njia panda alikuwa na kopo la spoki mbovu, na hilo kopo liligombaniwa kuliko mpira wa rede. Wavulana walizitaka za kulipulia vichwa vya viberiti nyuma ya darasa, paa, mwalimu anaruka na chaki yake. Sisi wasichana tulizinoa kwenye jiwe mpaka ncha ikawa laini, tukazificha ndani ya begi kati ya daftari na kiazi cha kuchoma. Siku hizi hapa kwenye shule yetu ya bweni, huku Biharamulo, nawaona mabinti wa kidato cha kwanza wanafuma kwa sindano za plastiki za rangi ya waridi. Wakikosea wanaazima simu ya matroni wanaangalia video. Sisi tukikosea tuliangaliwa na Bibi, na Bibi hukuweza kumrudisha nyuma umtazame polepole.

Niseme ukweli, mimi nilipenda kufuma kwa sababu ya aibu. Aibu yangu ilikuwa ya kiwango cha wilaya. Mgeni akipiga hodi mlango wa mbele, mimi nilishatokea wa nyuma, niko kwenye migomba. Shikamoo yangu ilisikika na popo peke yao. Wazee walikuwa wanaitikia "marahaba" kwa kukisia tu, baada ya kuona midomo imecheza. Ila mtu anayefuma haulizwi maswali mengi. Anaulizwa moja, "unafuma nini?", na akichelewa kujibu watu wanadhani anahesabu vitanzi.

Kazi zangu za mwanzo Mungu anazijua. Baba nilimfumia kofia, ikamfika kwenye kidevu. Akashukuru vizuri sana, akawa anaitumia kuokotea mayai. Redio ya nyumbani niliifumia vazi lake nikasahau tundu la spika, ikawa inatangaza kama mtu aliyetumbukia kisimani. Skafu ya Bibi nilianza nikiwa darasa la nne, na kwa kuwa nilikuwa sijui namna ya kumalizia, iliendelea tu. Ilipofika mara tatu ya kimo chake mwenyewe, Bibi aliikata katikati kwa panga, akafungia mbuzi.

Rafiki yangu alikuwa mmoja, Kabula, binti wa jirani zetu Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Kabula alikuwa anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Mfukoni mwa sketi yake hakukosa michembe, ile ya viazi vilivyokaushwa, na mdomoni hakukosa neno. Mwalimu akiniuliza swali, Kabula anasimama: "Mwalimu, Devotha anasema ni arobaini na mbili." Na mimi nilikuwa sijasema kitu.

Sasa, nikiwa darasa la tano, Mama akapata ujauzito. Nilikuwa mtoto pekee miaka yote hiyo. Sijui kama mtu asiye na aibu anaweza kuelewa nilivyofurahi. Watu wote niliowajua walikuwa wameshanizoea kama mtoto asiyesema. Huyu alikuwa anakuja bila kujua habari hiyo. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani ambaye naweza kumtazama usoni tangu mwanzo. Na Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba siku mtoto anatolewa nje kwa mara ya kwanza, nguo anayotoka nayo ndiyo inayomwonyesha mtu wake ni nani. Basi nikaamua atatoka na sweta langu. La njano, kutoka kwenye mtumba uliokuwa mzito kama blanketi.

Shida ilikuwa moja, na kwetu si ndogo: nguo ya mtoto haitengenezwi kabla hajazaliwa. Ni kumwitia ajali. Hata leso hainunuliwi. Bibi aliwahi kumfukuza mchuuzi mlangoni kwa sababu alimpungia Mama soksi ndogo. Lakini mtoto akishazaliwa, siku za kukaa ndani na mama yake ni chache, na mimi mkono wangu wa sweta mmoja ulichukua muhula mzima. Nikisubiri azaliwe, angetoka na sweta hilo akienda kuoa.

Nikaanza. Nafuma barazani, kimya, najifanya sina lengo. Siku moja Bibi akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Hicho ni nini?"

Nikahesabu vitanzi. Nikavihesabu tena. Kabula, ambaye alikuwa anatafuna pembeni, akameza haraka.

"Ni nguo ya chupa ya chai, Bibi."

"Chupa ya chai ina mikono?"

"Huo mmoja ni wa mpini."

"Na wa pili?"

"Wa kuwekea vijiko," Kabula akasema, bila hata kupepesa.

Bibi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mjue kwamba nyakati zile kila kitu ndani ya nyumba kilivaa. Makochi yalivaa, meza ilivaa, redio mnajua habari zake. Chupa kuvaa sweta lenye mfuko wa vijiko ilionekana ni maendeleo. Na mimi nikapata faida ambayo sikuitegemea: nikawa napima wazi wazi. Nafuma mistari michache, navalisha chupa, navua, naendelea. Mtoto sikumjua ukubwa, nikamkadiria kuwa wa lita moja na nusu.

Nilipomaliza, kabla sijapata hata muda wa kulificha, Mama akalichukua kwa furaha, tumbo lake mbele, akaivisha chupa. Mpini ukaingia mkono wa kulia, vijiko vikaning'inia mkono wa kushoto. Likakaa vizuri jamani. Majirani wakaja kuangalia. Nikajiambia, sawa, mtoto akizaliwa nitalivua, nitalifua, nitalisema. Hilo neno la mwisho ndilo lililonishinda. Mtoto akazaliwa, wa kiume, wageni wakaja kumpongeza Mama asubuhi na jioni, chai haikukatika, na sweta langu likawa kazini muda wote. Kila nikifungua mdomo niseme, unatoka mlio mwembamba tu, kama wa kifaranga.

Siku ya kumtoa ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule wa kwetu unaoshuka mpaka kwenye migomba na kukaa kama umealikwa. Uani wamejaa wageni. Wazee wana rubisi yao, pombe ya ndizi, kwenye vibuyu, sisi watoto tuko mkekani tunanusa ndizi na maharage. Akafika Shangazi Leokadia kutoka Kabanga. Dada huyu wa baba ana duka la nguo karibu na mpaka, na sauti yake inavuka kwenda Burundi bila kugonga muhuri. Katika ukoo wetu shangazi ndiye anayemtoa mtoto nje, na nguo analeta yeye, habari ambayo mimi sikuwa nayo. Aliifungua mbele ya watu wote: suti nyeupe, suruali na koti, na tai ya kipepeo.

Akaingia ndani, akamvalisha, akatoka naye hadi mlangoni.

"Mtoto yuko wapi?" Bibi akauliza.

"Yumo, mama."

"Wapi?"

"Humo humo. Ngoja, huu ni mguu. Hapana. Ni suruali."

Suti ilikuwa ya mtoto anayejua kusoma. Ndugu yangu alikuwa amezama humo, kinasikika kilio tu, na baridi inaingilia kwenye kola. Shangazi akaona bora ajipe nafasi ya kufikiri, akampa Mama mtoto, akajimiminia chai kwanza. Hapo ndipo alipoiona chupa.

"Wifi! Chupa yako imependeza kuliko mimi! Nguo yake hii naondoka nayo Kabanga."

"Chukua tu, wifi," Mama akasema. "Devotha atafuma nyingine."

Mnajua mambo ya mawifi. Wifi akishasifia kitu, si chako tena. Shangazi akaanza kuivua chupa palepale, vijiko vikaanguka, kling, kling. Nikaona sweta langu linakunjwa, linaelekea kwenye mkoba wake. Nikasimama. Sijui miguu ilipata wapi ruhusa.

"Siyo ya chupa," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Kabula akaruka juu pale mkekani: "Nyamazeni wote! Devotha anaongea!"

Hiyo haikunisaidia. Ua mzima ulinyamaza. Hata mbuzi alinyamaza. Macho yote, pamoja na ya wazee wa rubisi, yakanigeukia.

"Ni ya mtoto," nikasema. Na safari hii hata mimi nilijisikia.

Mama akamkumbatia mtoto. Bibi akaweka kikombe chini taratibu. "Ya mtoto? Si ulianza kuifuma mama yako akiwa mzito?"

Jirani mmoja akajishika mdomo, mwingine akasema "Yewe!", na Shangazi akalishika sweta kwa ncha za vidole kama limemuuma. Nilimtazama Kabula nipate msaada. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kabula hakuwa na neno. Nikajua basi, limeisha. Nimemletea ndugu yangu mkosi siku ya kwanza anayoona jua, na jua lenyewe halipo.

Bibi akalichukua lile sweta. Akalitazama, akaitazama chupa iliyobaki uchi, akaitazama suti inayolia.

"Hebu semeni. Nani amewahi kuliona hili kwa mtoto?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Nani ameliona kwenye chupa?"

Ua mzima ukainua mikono. Mzee mmoja akainua na kibuyu.

"Basi hii ni nguo ya chupa. Mwiko unakataza nguo ya mtoto. Wa nguo ya chupa sijausikia tangu nizaliwe. Chupa ndiyo mwenyewe, mtoto anaazima."

Kicheko kilichopigwa hapo, nadhani walikisikia Kabanga. Shangazi peke yake ndiye aliyenuna. "Na suti yangu, mama?"

"Suti yako ataivaa kwenye kipaimara. Bila kupunguzwa."

"Basi avae hata tai!"

Wakakubaliana tai. Bibi akamvua mtoto suti, akalipitisha sweta kichwani. Lilikuwa bado na joto la chupa. Shingo ikapita. Kifua kikakaa sawasawa, kama vile nilimpima mwenyewe. Mikono ndiyo ilikuwa na matatizo, mmoja ulishavutwa na mpini, mwingine na vijiko, ukaning'inia hadi magotini. Mtoto akaacha kulia. Akanusa mchaichai wa chai uliobaki kwenye uzi, akapiga chafya, akatulia na tai yake chini ya kidevu. Shangazi akamwinua juu kwa ile sauti yake, "Tazameni mtu wetu!", vigelegele vikapasuka, na Bibi akapiga kelele kwamba mume wake ametoka.

Kisha akaniita nimshike. Mbele ya watu wote. Alinitazama kwa yale macho ya mtoto mchanga yasiyojua yanatafuta nini, na mimi nikamtazama. Sikuangalia chini. Nyuma yangu mzee mmoja alikuwa analalamika kwamba chai imepoa, imevuliwa nguo.

Ubatizoni aliitwa Yohana, lakini kijijini hakuna anayemjua Yohana yeyote. Anaitwa Chupa. Yuko darasa la kwanza sasa. Kabula yuko Runazi dukani kwa mjomba wake, wateja wanaingia kununua chumvi wanatoka na habari za wilaya nzima. Mimi bado nina aibu, walimu wangu ni mashahidi, ila Jumapili matroni akituazima simu, Chupa ananieleza mambo yote ya wiki bila kuvuta pumzi, na mimi namjibu kwa sauti hadi wenzangu bwenini wanageuka kuona ni nani. Likizo iliyopita nilimfumia sweta jipya, kijani, mikono sawa yote miwili. Akalishika, akalisifu kwa adabu kama baba alivyosifu kofia. Akasema, "Dada, wenzangu watanicheka. Nataka jezi." Sasa hivi, nasikia, limevaliwa na kigoda.

Siwasemi watu wa siku hizi. Mama mjamzito anapigwa picha ya tumbo, anajua ni wa kiume, nguo za bluu zimekunjwa, jina liko tayari kwenye simu na watu wameshalipenda. Pengine ni vizuri. Mtoto anafika anakuta kila kitu ni cha kwake. Sisi wetu hatukuthubutu hata kumtaja. Tulimsubiri miezi yote ile, kwa roho zetu zote, tukijifanya tunahangaikia chai.